Ugonjwa Huu Si Wangu, Urudishwe kwa Mwenyewe

Shamba la Nether Quoy,
Orkney

Mheshimiwa Daktari Mowat,

Pole na kazi. Mimi ni Erlend Harcus, yule ambaye ng'ombe wake wanakuzibia njia kila Jumatano. Nimepokea barua yako kwamba picha ya ubongo imeonyesha nina MS, ugonjwa wa kinga ya mwili kugeuka na kutafuna neva za mwenyewe, na kwamba nije upesi tuanze dawa kabla mguu haujaharibika zaidi. Asante sana, ila mmekosea mlango. Naomba uufute kwenye faili langu, kwa sababu hizi:

1. Mimi ni mwanamume. Ulisema mwenyewe kwenye mkutano wa akina mama (nilifuata keki) kwamba wanawake wanaougua ni karibu mara tatu ya wanaume. Hapa kisiwani wanaume tayari tumemtoa Davo Rendall, anao huu ugonjwa. Mnatuongezea kwa haki gani?

2. Ulisema huanza zaidi kwa watu wa miaka ishirini hadi arobaini. Mimi nina hamsini na sita. Zamu yangu ilishapita, wala sikulalamika.

3. Kwa wakwe zangu, akina Drever, wagonjwa wapo watatu. Kwa akina Harcus hakuna hata mmoja, nimeuliza mpaka mashangazi wasioongea nami. Nilipomwambia mke wangu Inga kwamba hili ni la kwao, alinijia juu: "Ala! Bibi yako na babu yangu si mtu na kaka yake? Humu kisiwani nani si ndugu yako, we Erlend?" Hoja hiyo naomba isiandikwe popote.

4. Mnadhani sisi wa kaskazini tunaugua zaidi pengine kwa uhaba wa jua. Haya, mimi niko malishoni tangu alfajiri, na hicho kijua kinachofika hapa nakimaliza mwenyewe. Halafu binamu yangu Sigurd alipelekwa Australia akiwa na miaka mitano, na wewe unasema anayehama mdogo hatari yake hupungua. Yaani yeye apewe jua na afya, mimi nipewe mvua na MS? Tugawane basi! Mwandikieni achukue japo mguu mmoja.

5. Binti yetu Thora anaolewa Jumamosi. Kwetu baba wa bibi harusi ndiye huchemsha kinywaji cha harusi na kukizungusha ukumbini katika kikombe kikubwa cha mbao, mbele ya watu mia mbili. Sitaki mia mbili hao wanitazame mguu badala ya kumtazama mwanangu. Nasema kweli, Daktari, naogopa.

Kwa hiyo ugonjwa huu apewe mwanamke wa miaka thelathini, asiye ndugu yetu, anayekaa ndani. Akikosekana, basi usipewe mtu.

Msalimie muuguzi, mwenye duka, na nahodha wa feri, ingawa aliniacha gatini wiki jana.

Wako mwenye afya tele,
Erlend Harcus

N.B. Barua hii ameiandika Inga, mimi nikimtajia maneno, maana kalamu imenidondoka mara nne. Alipofika kwenye yule mwanamke wa miaka thelathini akasimama, akasema, "Thora ana miaka thelathini." Sikuwa nimefikiria. Daktari, futa barua yote. Uniachie mimi huu ugonjwa. Nakuja kesho asubuhi.