Ng'ombe Sita kwa Nyanya Aliyeuzwa kwa Intaneti

Alfayo arap Sigilai,
Kwa njia ya duka la Mochama,
Kapsoit.
14 Julai 1999

Kwa Bwana Chifu,

MINTARAFU: KUUZWA KWA NYANYA YETU BILA RUHUSA, NA NG'OMBE SITA NINAOWADAI

Bwana Chifu mheshimiwa,

Mimi niliyetia sahihi hapa chini ni nyapara mstaafu wa chai, baba ya Kipkorir, na mtu ambaye hajawahi kukusumbua isipokuwa ile mara ya mpaka na ile mara ya mbwa. Leo ninakuandikia kwa adabu zote, na kama mwandiko unatetemeka ujue ni hasira, si uzee.

Kogo unamfahamu. Ulipokuja kwetu kwa mambo ya harambee mwaka wa 1992 ulimkuta ukutani juu ya kabati, na ulivua kofia ya serikali kabla ya kuketi. Lakini kwa ajili ya faili nitamweleza. Ni picha kubwa ya rangi ya mafuta, ya mama mzee wa Kizungu, ndani ya fremu ya dhahabu iliyobabuka. Gauni lake ni jeusi mpaka kidevuni. Midomo ameifunga kama mtu aliyepewa chai bila sukari akaamua kunyamaza. Macho yake yanakufuata hata ukienda kuchukua chumvi.

Meneja wetu, Bwana Wilki, alinipa picha hiyo mwaka wa 1976 alipokuwa akirudi kwao, kwa sababu haikutoshea kwenye sanduku. Tukaitundika. Watoto wakamwita Kogo, yaani nyanya kwa Kikipsigis, na jina likashika. Kwa miaka ishirini na tatu wageni wamemsalimia "Chamgei", na yeye hajamjibu hata mmoja. Jirani yangu Mochama, alipohamia hapa kutoka Kisii, aliuliza kwa sauti ya chini kama mama anaumwa.

Sasa malalamiko yangu ni haya.

1. Mwezi wa tatu nilirudi kutoka kituo cha kuuzia majani nikakuta ukutani mraba mweupe na msumari. Nikamwita Tecla, mke wa Kipkorir, ambaye ni mpiga chapa katika ofisi ya kompyuta huko Kericho mjini. Akaniambia, bila kuacha kumenya viazi, "Baba, Kogo nimemuuza." Nikamwuliza amemuuza kwa nani. Akasema kwa Intaneti. Nikamwuliza huyo Intaneti ni wa ukoo gani na boma lake liko wapi. Mama Kipkorir, mke wangu wa miaka thelathini na nne, aliingiza kichwa kwenye sufuria akacheka humo ndani ili nisimwone. Nilimsikia.

Nilikuja kuelezwa kwamba Intaneti ni soko lisilo na siku yake wala uwanja. Mtu anaweka picha ya kitu kwenye kompyuta, na watu wa nchi za mbali, ambao wana viti vipya, wanagombania vile vya zamani. Tecla alimwita mpiga picha siku niliyokwenda mazishini Ndanai. Akampiga Kogo picha, akaiingiza kwenye mashine, na baada ya siku tisa Mmarekani mmoja aitwaye Haroldi akashinda mnada. Kogo alifungwa kwa blanketi yangu, Bwana Chifu, akapelekwa posta kama viatu.

2. Katika tangazo Tecla aliandika hivi: "Pambo la kale la ukutani, lina mikwaruzo kidogo." Nimeomba anisomee mara tatu, nikidhani nimekosa kusikia. Pambo! Huyu mama amenisaidia kulea watoto saba. Mtoto akidanganya, tulikuwa tunamsimamisha mbele ya kabati tu, anasema ukweli mwenyewe. Na mkwaruzo ule si wa uzee. Ni mwiko ambao Kipkorir alirusha mwaka wa 1983, akimlenga dada yake.

3. Hili ndilo lililonifanya nitafute kalamu. Juma lililopita Haroldi alituma barua na picha. Anasema amejenga nyumba kubwa mpya na ilikuwa inamsumbua kwa sababu haina wazee wa ukoo, kwa hiyo anawanunua. Tayari ana babu wawili na shangazi mmoja, wote wa Intaneti. Kogo amemtundika juu ya mahali pa kuotea moto, na wageni wakiuliza anawaambia ni nyanya ya baba yake. Anamwita Beatrisi.

Bwana Chifu, huo ni wizi wa ukoo. Sisi tulikaa na Kogo miaka ishirini na tatu na hatujawahi kusema alituzaa. (Isipokuwa mara moja, kwa mkaguzi wa kampuni, na siku hiyo nilihitaji mabati.) Mochama, ambaye amekuwa shahidi wangu katika jambo hili, amesema labda Bwana Wilki angeulizwa jina lake la kweli. Hapo nalazimika kuwa mkweli mbele ya serikali. Siku aliponipa picha nilimwuliza huyu ni mama yako? Akasema, "Hapana, Alfayo. Hata mimi nilimkuta kwenye nyumba." Lakini hiyo haimsaidii Haroldi. Kama hana mwenyewe, basi ni wa yule aliyempangusa vumbi.

4. Sasa nafika kwenye ng'ombe. Mwanamke ametoka katika nyumba yangu. Yuko katika nyumba ya mwanamume mwingine, anaitwa kwa jina la huko, anaonyeshwa wageni. Ni nani aliyekuja kuniuliza? Ni wazee gani walioketi? Hakuna hata kilo moja ya sukari iliyoingia kwangu. Kwa hiyo nadai ng'ombe sita, mmoja wao awe wa maziwa, na blanketi mbili, moja ikiwa ni ile yangu. Mochama alisema kwa umri wake ng'ombe wapunguzwe. Nilimjibu kwamba tangu nimjue hajazeeka hata siku moja, na ni wanawake wangapi wa lokesheni hii wanaoweza kusema hivyo. Mama Kipkorir alisikia, na tangu hapo ninajitengenezea chai mwenyewe.

5. Naomba basi Haroldi na Intaneti waitwe barazani Alhamisi. Haroldi akichelewa kwa sababu ya umbali, tutamvumilia. Intaneti asipofika, naomba mali yake ishikwe, yaani kompyuta moja, simu moja na kiti. Tecla amesema hiyo ni mali ya mwajiri wake na atafutwa kazi. Basi kishikwe kiti.

6. Ugonjwa huu unaenea. Watu wanatoka mpaka Mulot wakimletea Tecla vitu: saa zisizotembea, redio za betri kubwa, beseni za bati zenye maua. Mmoja alileta picha ya baba mkwe wake, na baba mkwe mwenyewe yuko hai, anakamua ng'ombe kila asubuhi. Esnah wa kwaya alishona vitambaa vipya vya makochi, akavilaza siku mbili katika chai ya rangi nzito, na sasa vinauzwa kama vya mwaka wa 1920. Nimeviona. Ukiweka pua karibu unataka mandazi. Tukiendelea hivi, Bwana Chifu, sisi tutakaa katika nyumba tupu, na Marekani yote itakaa katika nyumba zetu.

7. La mwisho si la sheria, lakini nitaliandika. Nilikuwa na mazoea, nikitoka asubuhi, kumwambia Kogo ninakokwenda. Hakujibu, lakini alikuwa anasikiliza. Sasa ninauambia msumari. Mtu wa miaka sitini na sita akiongea na msumari, jambo hilo ni la usalama wa umma.

Nikingoja hatua zako kali, nawasalimu mama watoto, watoto wote, askari wako wawili, na yule ndama aliyekuwa anaharisha. Mwambie Mchungaji ukimwona kwamba Jumapili nitakuwepo.

Ni mimi mlalamishi wako,
Alfayo arap Sigilai

Shahidi: Mochama (ameweka sahihi na muhuri wa duka)

Tanbihi. Barua hii ilikuwa bado inangoja bahasha Tecla alipofika kutoka mjini jana jioni na mambo mawili. La kwanza lilikuwa limefungwa kwa gazeti. Ile pesa ya Kogo, ambayo nilikuwa nikisema imeliwa, aliipeleka kwa mpiga picha pamoja na kitambulisho cha zamani cha marehemu mama yangu. Ile picha ndogo kama kucha imekuzwa mpaka imekuwa kubwa kama dirisha. Mama ametoa sikio moja nje ya kitambaa na amemkasirikia mpiga picha. Sikujua kama nitamwona tena. Mama Kipkorir akaniletea chai bila kuitwa.

La pili ni ujumbe wa Haroldi. Mke wake halali kwa sababu ya yale macho. Anasema atamrudisha Kogo kwa gharama yake, na hataki kitu.

Bwana Chifu, tafadhali mwandikie leo, kwa karatasi yenye nembo ya serikali, kwamba Alfayo arap Sigilai hajulikani hapa Kapsoit. Ng'ombe nimewasamehe. Blanketi abaki nayo. Msumari ni mmoja, na mama yangu ninamjua: hawezi kukaa nyumba moja na mgeni asiyeitikia salamu.