Mdudu wa Madoa Kwenye Mabilinganya ya Shangazi

Jumatatu, 4 Machi
Bahati hii hapa! Nimemkuta kwenye jani la bilinganya, uani kwa Shangazi. Mbawakawa mdogo kama punje ya dengu. Mgongo mwekundu wa kung'aa, madoa meusi, mstari wa manjano kama mkanda. Kwenye kitabu changu hayumo. (Kitabu hakina kurasa za katikati, lakini hilo dogo.) Aina mpya! Nitampa jina la mkuu wetu wa makumbusho. Nani atamwacha mtu aliyempa heshima hiyo aendelee kufuta vumbi kwenye makabati?

Jumanne, 5 Machi
Miwani, mwenzangu wa chumba cha wadudu, kaona kichupa mfukoni mwangu. Kauliza ni nini. Nikasema dawa ya tumbo. Kaniletea glasi ya maji, kasimama anisubiri ninywe. Nikanywa maji matupu, nikatangaza nimepona. Mtu mbaya huyu. Akimwona mdudu wangu, kwisha habari yangu.

Jumatano, 6 Machi
Wamezaana! Kila jani lina wageni. Shangazi alitoka na majivu mkononi.
"Mwanangu, hawa wanatafuna."
Nikamwambia hapana, hawa ndio walinzi, wanakula wadudu waharibifu. Sijui uongo huo ulitoka wapi, ila ulitoka vizuri. Akanitazama, akasema mimi ndiye ninayefanya kazi na wadudu. Akayamwaga majivu kando, mbali na mimea.
Ile mimea ilitokana na mbegu za mwisho alizoacha marehemu mjomba, mumewe. Shangazi hazipati popote pengine. Nililijua hilo.

Alhamisi, 7 Machi
Aibu! Nimemwekea mkuu kichupa mezani, nikatoa hotuba fupi. Mkuu kamwita Miwani. Miwani kainamia hadubini, kahesabu vipingili vya vipapasio, kaangalia miguu, kisha kacheka hadi kafuta machozi. Kanivuta mkono hadi kabati la tatu. Droo nzima ya ndugu za mdudu wangu! Droo ninayoifuta vumbi kila asubuhi. Kibandiko kinasema: mla majani, mharibifu mkubwa wa mabilinganya.
Nikakimbia nyumbani. Nimekuta mabilinganya yamebaki vijiti.

Ijumaa, 8 Machi
Nimemweleza Shangazi yote. Laiti angenifokea. Alikaa kwenye kigoda, akashika shina moja lililobaki uchi, akasema mjomba alikuwa akimwagilia mabilinganya yake kabla hata hajanawa uso. Kisha akaniuliza kama nimekula.
Sikula.

Jumapili, 10 Machi
Jirani kaleta miche ya nyanya. Shangazi kapanda mwenyewe. Nilimpelekea ndoo ya maji, akaipokea bila kuniangalia. Iliniuma mno. Nikajiapiza palepale: sitamdanganya tena, na wadudu nitawaachia wenye akili zao.
Nikainama kusawazisha udongo, jani likageuka. Chini yake, mdudu wa kijani kibichi, miguu ya rangi ya chungwa, kidoa kimoja cha dhahabu! Huyu hayumo kwenye droo yoyote, nazijua droo zote.
Nimemwomba Shangazi asiguse miche hadi Jumatano. Nimemwambia huyu anarutubisha udongo.