Alama za Vidole vya Mama

Jumatatu, 3 Juni

Jimbo limevikataa vidole vya Mama!

Si Mama mwenyewe. Vidole. Leseni yake ya ualimu inakwisha mwisho wa mwezi huu, na mengine yote yameshakubaliwa: masomo ya jioni, vyeti, maneno mazuri ya mwalimu mkuu. Zimebaki alama za vidole, za kuhakikisha hana kosa la jinai. Leo limekuja jibu kwamba hazisomeki. Mashine imevitazama vidole vya mwanamke aliyefundisha nusu ya bonde hili kusoma, na haikuona mtu.

Bibi Eufelia kasema ndivyo ilivyo, vidole vya wanawake wa nyumba hii vimebaki ukutani. Alisema kwa majivuno. Wanakandika kuta kwa udongo tangu utotoni, kwa viganja vitupu, na mchanga umeilamba ngozi yao ikawa laini kama kijiko. Mwezi uliopita tulikandika nyumba. Wiki ijayo ni zamu ya kanisa, na mwaka huu wasimamizi ni sisi.

Leseni isipotoka, Agosti shule zikifunguliwa Mama hana darasa. Bila darasa tunahamia jijini Albuquerque kwa Shangazi. Shule ya huko ina wanafunzi elfu mbili. Elfu mbili! Hapa darasani tuko wachache na bado sijawazoea. Tunasoma asubuhi kwa Kihispania, mchana kwa Kiingereza, nami nimejifunza kunyamaza kwa lugha zote mbili. Halafu Baba je? Amelala nyuma ya kanisa, upande wa kaskazini, mwaka wa tatu huu. Tukiondoka, atabaki na nani?

Mama kapanga kurudi mjini Alhamisi, wamchukue alama upya. Haraka ya nini? Vidole havijapumzika hata kidogo. Ngozi huota. Inahitaji muda na mafuta.

Nina mpango.

Jumanne, 4 Juni

Mafuta ya kondoo yamepatikana kwa binamu yangu Delfino, mwenye miaka kumi na sita na maneno ya watu wanne. Alitaka kujua kama nimepata mchumba zizini. Sikumjibu. Jibu lilinijia baadaye, nikiwa nyumbani. Lilikuwa zuri sana.

Nilimwambia Mama ni dawa ya ngozi kavu. Aliguswa. Alijipaka hadi kwenye viwiko, akaniita mtoto mwenye huruma, akainua sufuria ya maharage. Sufuria iliruka. Maharage yalifika mlangoni kabla yetu. Bibi akauliza ni nani aliyempaka binti yake mafuta kama kuku wa kuoka. Nikatazama dari.

La pili naliandika kwa herufi ndogo. Nilituma ujumbe kwenye lile duka la vifurushi mjini wanakochukua alama. Niliandika kama vile ni Mama, nikaomba siku yake isogezwe hadi Ijumaa ya tarehe ishirini na moja. Kupiga simu sikuweza, ningelazimika kusema haloo. Wakajibu: Sawa, Bi. Tafoya. Kwa muda mfupi nilikuwa mama yangu. Ilikuwa rahisi kuliko kuwa mimi.

Alhamisi, 6 Juni

Mama alivaa vizuri, akaenda mjini, akarudi mikono mitupu. Kaambiwa siku imesogezwa na nafasi nyingine hakuna. Alibaki ndani ya gari hapo uani, mikono juu ya usukani. Nilidhani anavipumzisha vidole. Nikampelekea kahawa.

Aliniuliza kama najua mwezi huu unakwisha lini. Nikasema tarehe thelathini. Akasema, basi wewe unajua zaidi ya watu wa dukani. Nikamwambia kompyuta za mjini hazifai. Alinitazama sana. Nilikaribia kumwambia.

Lakini nilishaanza, na vidole vilikuwa vinapumzika.

Jumamosi, 8 Juni

Glavu! Za mpira, za manjano, za kuoshea vyombo. Nilimpa Mama mbele ya Bibi. Hapo ndipo nilipokosea.

Bibi aliuliza ni za nani. Nikasema za Mama, za kukandikia. Akauliza kama kanisa ni sufuria. Akasema kiganja husikia pale ukuta ulipoachia ndani, mpira hausikii kitu, na marehemu mama yake angetoka kaburini kuja kunichapa kwa glavu hiyohiyo. Mama alicheka, kwa mara ya kwanza tangu Alhamisi, kisha akaacha.

Glavu moja kapewa mbwa. Nyingine Bibi kaivika kigingi cha bustani itishe kunguru. Inanipungia. Kunguru hawaiogopi. Mimi naiogopa kidogo.

Jumamosi, 15 Juni

Siku ya kukandika kanisa. Nimefanya jambo ambalo sijawahi kulifanya: nimesimama mbele ya kijiji kizima na kusema. Nilisema Mama atasimamia tu, mimi nitakuwa mikono yake. Sauti ilinivunjikia kwenye "Mama". Delfino, kutoka nyuma: "Jamani! Kumbe hili sanamu lina betri!"

Bibi alinipa ukuta wa kaskazini kwa sababu hauonekani kutoka barabarani. Mama alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, mikono mapajani, kama mgeni. Nilichanganya udongo mwenyewe. Nikaongeza maji, unapakika vizuri zaidi. Nikaongeza tena. Mabua makavu ya ngano yalikuwa yananichoma, nikayaacha. Mama alifungua mdomo mara mbili, nami nikamwomba anyamaze, apumzike. Kufikia mchana ukuta wangu ulikuwa unang'aa kama keki. Watu walikuja kuutazama. Mmoja alinipigapiga begani!

Mara ukuta ukapumua.

Udongo ulishuka wote kwa pamoja, taratibu, kama blanketi inayoteleza kitandani. Chini yake alikuwa amechuchumaa Delfino, anakula. Alifunikwa mpaka nyusi. Akabaki na mkate mkononi, hana la kusema. Hiyo ingekuwa siku bora kuliko zote nilizowahi kuishi, kama udongo mwingine haungepita ukaenda kuanguka makaburini. Msalaba wa Baba ulilala.

Mama aliinuka kwenye ndoo. Aliusimamisha msalaba, akaufuta kwa mkono wa blauzi, herufi moja moja. Kisha akaenda kwenye shimo la udongo na kuizamisha mikono yote miwili.

Nilipiga kelele: "Vidole!"

Akasema vidole ni vyake.

Jumapili, 16 Juni

Siku ya Akina Baba. Baada ya misa Mama alirudi ukutani. Alibandua mabaki ya kazi yangu, akaanza upya kutoka chini. Mimi nilibeba ndoo. Udongo aliuchanganya Bibi, na mabua ndani.

Alipaka mpaka usawa wa kiuno. Kisha akasema Baba naye, mwaka wao wa kwanza, alizidisha maji. Ukuta ulimwangukia padri. Alizidisha kwa sababu alikuwa na haraka ya kumfurahisha mchumba. Mama alicheka huku amejiziba macho kwa kifundo cha mkono, kwa kuwa viganja vilikuwa vimejaa udongo, na nilipomtazama tena hakuwa anacheka. Akasema ukuta ukiwa mbichi huwa anamwandikia Baba jambo kwa kidole, kisha anapaka udongo juu yake. Kila mwaka. Nilitaka sana kumuuliza anaandika nini. Sikuuliza.

Jioni nilivitazama vidole vyake alipokuwa anakata mkate. Vyekundu, laini, havina hata mstari. Mafuta ya kondoo, soksi nilizomvalisha mikononi alipokuwa amelala mchana, yote bure. Nimemmaliza kabisa.

Nimeanza kufanya mazoezi ya kusema haloo. Kwa ajili ya Albuquerque.

Ijumaa, 21 Juni

Nilikwenda naye mjini ili niwe karibu msiba utakapotokea.

Anayechukua alama ni Mireya, msichana mwenye kucha ndefu za zambarau. Alikibonyeza kidole cha kwanza kwenye kioo. Kitupu. Cha pili. Kitupu. Alipomaliza alitabasamu, akasema safi sana, hizi lazima watazikataa! Niliona ni ukatili wa ajabu kwa mtu mzuri namna ile.

Kumbe! Zikikataliwa mara mbili, jimbo linaachana na vidole na kumchunguza mtu kwa jina. Kukataliwa mara ya pili ndiko Mama alikokuwa anakutafuta. Ndiyo maana alitaka kuja haraka, uchunguzi wa jina upate muda. Mireya alisema alimweleza Mama siku ile ya kwanza kabisa.

Mimi nilikuwepo siku ile ya kwanza. Nilikuwa nyuma ya rafu ya maboksi, Mireya asije akanisalimia.

Kisha Mireya akauliza, bila ubaya, mbona mwalimu aliisogeza siku. Mama akasema hakuisogeza yeye. Mireya akatafuta ule ujumbe, akaisoma namba ya simu kwa sauti. Mama anaijua namba yangu kwa moyo.

Aliendesha mpaka tukavuka mto. Ndipo akasema: "Ungeniuliza, Nazario. Basi. Ungeniuliza tu." Nikasema nilidhani namsaidia. Akasema anajua, na hicho ndicho kinachomtisha. Jina lisipopita kabla mwezi haujaisha, hataulaumu udongo wala mashine.

Sikula.

Jumanne, 25 Juni

Wamekataa! Mara ya pili! Bibi kaibusu simu ya Mama.

Sasa wanatafuta jina. Bwana wa ofisini anasema huwa wanachukua siku kadhaa, akataja na Ijumaa, siku ya mwisho ya kazi mwezi huu, wanafunga mapema. Mama alimshukuru. Halafu akayatoa maboksi stoo, eti ayapanguse vumbi. Hakupangusa. Aliyapanga sebuleni makubwa kwa madogo. Bibi aliyaona, akayabeba yote bila kuuliza, akawapa kuku watagie.

Hakuna anayenigombeza. Naona afadhali wangenigombeza.

Ijumaa, 28 Juni

Asubuhi, kimya. Mchana, kimya. Mama alipiga simu. Nilimsikia akilitaja jina lake lote, la kuzaliwa na la kuolewa, herufi kwa herufi, kwa ile sauti anayowafundishia watoto wadogo. Akaambiwa asubiri. Akasubiri kwa kusimama. Bibi alishika rozari, mimi nikashika meza.

Ikaja. Leseni. Miaka mitano!

Mama alikaa sakafuni jikoni, palepale yalipomwagika maharage, mgongo kwenye kabati. Bibi alisema alijua tangu mwanzo, kisha akatoka nje, akapenga kamasi kwa muda mrefu. Mimi nilijificha stoo, kwenye vitunguu, nipate kisingizio. Mama alinifuata. Alinishika uso kwa viganja vile vilivyolainika. Akataka niahidi: hakuna mipango tena, nitauliza kwanza. Nimeapa. Kwa kaburi la Baba, na nimeapa kweli.

Jumatatu, 1 Julai

Mwalimu mkuu kapiga simu kumpongeza Mama. Na ana habari. Bwana Quintana kastaafu ghafla, anakwenda kufuga nyuki. Kwa kuwa leseni ya Mama sasa iko salama, atachukua darasa la tisa.

Darasa la tisa ni langu. Na la Delfino, anayerudia.

Mama anaimba tangu asubuhi. Anasema mwaka huu tutautibu huu ukimya wangu: kila siku nitasimama mbele ya wenzangu na kusoma kwa sauti, Kihispania asubuhi, Kiingereza mchana. Aliniita kitoto cha mama alipokuwa akisema hayo. Hata hakujua kama ameniita hivyo. Ataniita hivyo darasani, na hatajua.

Nimetafakari kwa utulivu mkubwa. Niliapa nitauliza kwanza, na kiapo ni kiapo. Kwa hiyo nimeuliza. Nimeiandikia ofisi ya jimbo, kwa adabu zote, wanieleze taratibu za kusimamisha leseni ya mwalimu.

Kwa mwaka mmoja tu.