Malkia, Kasuku na Chumba Changu

Jumatatu, 3 Machi

Shemeji amepima tena chumba changu. Nilijifanya nimelala. Tepu ikanipita juu ya tumbo! Baiskeli yake ya mazoezi imesimama koridoni muda sasa, imefunikwa shuka, na kila nikienda msalani pedali inanigonga muundi. Anaitafutia chumba. Changu! Mimi, ndugu wa damu wa Dada!

Nimepata dawa. Mtu peke yake ni rahisi kumhamisha. Mtu mwenye kiumbe anayemtegemea ana familia, na familia haitolewi nje hivi hivi. Kinyozi wa kona amenipa kasuku wake. Bure! Na tundu lake, kubwa kama kabati. Nilimuuliza sikio lina plasta ya nini. Akasema wembe ulimponyoka. Kinyozi anajikata mwenyewe! Nimecheka njia nzima.

Dada hakucheka. Ana paka, Malkia, anayempenda kuliko sisi wote, mumewe akiwemo. Akasema sikiliza mdogo wangu, yeye anakwenda semina ya wauguzi hadi Ijumaa. Akirudi awakute wote wawili wazima chini ya paa moja. Mmoja akipungukiwa hata unyoya, nafungasha. Shemeji alikuwa anapuliza chai yake huku anatabasamu. Mnafiki.

Jumanne, 4 Machi

Siri ya amani ni harufu. Paka hawezi kumla anayenuka kama yeye. Nimemsugua Malkia kwa taulo, nikalisugua tundu, nikamrudia Malkia. Kasuku alinitazama kwa jicho moja kama mkaguzi. Eti kasuku huongea! Huyu hata shikamoo hajui.

Mambo yalikwenda vizuri mpaka Shemeji alipotoka bafuni na kujifuta kwa taulo lile. Lilikuwa lake, kumbe. Sasa Malkia anamfuata kila chumba akimlamba visigino, naye anapiga chafya mfululizo. Amempigia Dada simu kunishtaki. Dada akaomba nipewe simu, akauliza kama wote wazima. Nikasema wazima. Akakata.

Jumatano, 5 Machi

Leo kengele. Nimemvisha Malkia shingoni, akinyemelea kasuku asikie. Kisha nikafungua tundu, fagio mkononi, tayari kumwokoa ndege.

Ndege hakuhitaji kuokolewa! Alitoka akitembea kwa miguu, kifua mbele. Akamkuta Malkia amejinyoosha kwenye kochi. Akamuuma mkia. Malkia alifika juu ya kabati bila kugusa chochote njiani. Tena kengele yangu ndiyo iliyommaliza. Akijificha chini ya kitanda, inalia, kasuku huyo. Nyuma ya jokofu, inalia, kasuku huyo. Nikamvua. Kasuku akaninyang'anya, akaenda nayo.

Sasa Malkia yuko juu ya kabati, anatetemeka, mwili wote ule. Nimemwonea huruma kweli. Na mimi pia nimejionea huruma. Paka akihama nyumba hii, nimehama.

Alhamisi, 6 Machi

Malkia hashuki. Samaki wake nampelekea kwa ngazi. Kasuku amekalia kiti cha Shemeji. Shemeji alijaribu kumfukuza kwa gazeti, sasa kidole kina bendeji. Hilo lilinifariji kidogo.

Alasiri nikapanda na samaki. Kabati tupu! Dirisha wazi! Nilizunguka mtaa mzima nikiita Malkia, Malkia, malkia wangu, rudi. Mama muuza mboga akaitika. Mumewe akachungulia nyuma yake. Nikala kona.

Nimerudi nyumbani kufungasha kabla sijaambiwa, na nani yuko ndani ya tundu la kasuku? Malkia! Amejikunja, anakoroma. Penye waya pande zote na mlango, kasuku hamfikii. Nikamfungia. Hivi kweli, si kila mtu kapata anachotaka?

Ijumaa, 7 Machi

Dada ameingia asubuhi, sisi tukimtarajia jioni. Alikuta paka tunduni. Kasuku kwenye kochi, akichambua pamba za mto. Shemeji amesimama juu ya meza ya chakula, sufuria kichwani. Mimi nimejifungia chumbani. Dada hakupiga kelele. Hapo ndipo nilipoogopa.

Nikatoka, nikamkumbusha sharti. Wazima wote, chini ya paa moja! Akawakagua kama wagonjwa wodini. Hakuna aliyepungukiwa unyoya. Akakiri kwamba sitafungasha. Nilimtazama Shemeji pale mezani, nikamkonyeza.

Kisha Dada akasema paka wake hawezi kuishi tunduni kama mfungwa. Anahitaji chumba kinachofungwa. Akanyoosha mkono nimpe ufunguo.

Jumamosi, 8 Machi

Naandika kutoka sebuleni. Malkia amelala kitandani kwangu, mto wangu, shuka langu. Baiskeli iko pale pale koridoni. Mimi niko kwenye kochi, kasuku yuko kwenye mgongo wa kochi, na kila nikisinzia anapiga kengele. Asubuhi Shemeji alipita na tepu. Safari hii anapima sebule.

Sijali, maana nimepata dawa. Kasuku amekosa mkubwa wake, basi. Akitiwa adabu, Malkia atatoka, na chumba changu kitarudi. Fundi viatu ana bata bukini dume, jitu zima. Ananipa bure! Na kamba yake! Mtu mwema sana. Anachechemea, maskini, mguu umefungwa bendeji mpaka gotini. Nilimuuliza kulikoni. Akasema alianguka kwenye ngazi za kibandani kwake. Kibanda hakina ngazi hata moja! Mtu mzima anaanguka mahali pasipo na ngazi!

Nimecheka njia nzima, bata kwapani.