Eneo la Kihistoria Namba Moja

Umma wa Tukuyu na vijiji vyake unatangaziwa kuwa mwamko wa kihistoria umeanza rasmi Jumatatu, saa mbili na nusu asubuhi. Walioamka kabla ya hapo walikiuka utaratibu.

Chanzo ni kitabu kipya cha historia ya taifa, ambacho watu wanakigombania kama mahindi ya kuchoma. Hata wauza ndizi wanakisoma! Ikabidi tuunde Kamati ya Kuratibu Mwamko, mimi nikiwa katibu. Kwa kuwa tuna majukumu mengi, tuligawana kitabu. Mimi nilichukua jalada na dibaji. Sura ya nne alipewa Bwana Vicent, ambaye tangu siku hiyo yuko semina.

Dibaji inasema wazee waliokataa kubeba mizigo ya mkoloni waliitana Ikuti, penye migomba. Tulipokwenda Ikuti tulikuta migomba, mali ya Bibi Atuganile. Ushahidi ukajitosheleza. Nikaandika amri: popote walipokutana wazee hao ni eneo la kihistoria, na anayelima au kuishi hapo aondoke ndani ya siku saba, bila rufaa. Nikagonga muhuri mara mbili.

Bibi alikuja ofisini, kitabu kakifunga kwenye mfuko wa nailoni kisilowe.

“Mwanangu, migomba ile nimeipanda mwenyewe. Ndiyo chakula changu. Niende wapi?”

“Bibi, historia haina huruma.”

“Ndaga, asante baba. Sura ya nne umeisoma?”

“Hiyo iko chini ya Bwana Vicent.”

“Basi ngoja nikusomee.”

Akavaa miwani. Kumbe mvua ya Ikuti iliwatimua wazee kabla hawajaketi, wakahamia Makandana, wakakutana kwenye jiwe kubwa lenye ufa katikati.

Jiwe hilo nalifahamu. Mke wangu Belinda huanika nguo juu yake, nyuma ya nyumba ya serikali tunayoishi.

Nikasema amri inahitaji kupitiwa upya. Foleni nzima ya waliofuata mbolea ikafungua vitabu, ukurasa uleule.

“Bila rufaa,” Bibi akanikumbusha, kwa upole ulioniuma.

Tangazo hili limeandikwa Ikuti, chumba cha nyuma kwa Bibi Atuganile. Ametupokea kwa sharti moja: ukitaka kula, soma sura, kisha ujibu maswali. Belinda yuko sura ya tano, anaongezewa mchuzi. Mimi jana nilijibu kwa kutumia dibaji, na ndizi zilinukia vizuri sana.