Mashine ya Kumeza Vumbi

Jumatatu, 10 Novemba 2025

Auleria,

Mama yako amekohoa tangu alfajiri. Mimi nimepiga randa tangu alfajiri. Watu wanayaunganisha mambo haya mawili.

Tuyizere amepiga simu kutoka Kamuli. Kaka yako hana salamu ndefu. Alisema Jumapili anakuja na pikapu kumchukua Mama, kwa sababu muuguzi kule Nyakahanga alishasema wazi: ama mgonjwa aondolewe kwenye vumbi, ama vumbi liondolewe kwa mgonjwa. Nikamwambia nimechagua la pili. Akauliza tangu lini. Nikasema tangu sasa hivi.

Mama akiondoka, nyumba hii inabaki na mimi na mbuzi. Watoto hatukujaliwa, na wewe umetangulia. Yeye ndiye pekee anayelitaja jina lako bila kushusha sauti.

Mwenyewe hataki kwenda. Hajaniambia. Unaijua adabu yake ya ukwe: tangu nilipokuposa hajawahi kunipa neno zito usoni. Anampa mbuzi. Leo nikiwa mlangoni mwa karakana alimwambia mbuzi kwamba Kamuli ni kuzuri, ndizi zipo, kahawa ipo, ila huko hatapata mtu wa kusimuliana naye habari za binti yake. Mbuzi akaendelea kutafuna. Mimi nikaingia ndani kuwaza mashine.

Wewe ulikuwa unanisimamisha mlangoni na kunipangusa kwa kanga, mgongo kwanza, kisha masikio. Ndiyo mashine pekee ya vumbi niliyowahi kuwa nayo.

Jumanne, 11 Novemba

Nimekwenda kwa Methodius, ng'ambo ya barabara. Sababu ya kusema: kuazima kibano. Sababu yenyewe: kupeleleza.

Amenunua mashine ya kufyonza vumbi. Mpya, ya bluu, kubwa kama ndama, na mfuko juu uliovimba kama mashavu ya mpiga tarumbeta. Tangu ifike anafanya kazi kwa shati jeupe. Jeupe! Fundi seremala! Akanishika bega. "Fundi Eliud, nusa. Nusa vizuri. Unasikia nini?" Nikasema nasikia mbao za grevilea. Akasema hapana, sisikii kitu, hapo hakuna vumbi la kusikia.

Kisha akasema jambo baya zaidi. Nilete mbao zangu kwake. Nipige randa na msasa pale pale, bure, nyumbani nikaunge tu, hadi Mama apate nafuu. Nilimtazama usoni nione dhihaka. Haikuwapo. Hilo ndilo lililoniudhi.

Ni yeye aliyetengeneza jeneza lako, kwa sababu siku ile mikono yangu ilikataa. Alilitengeneza vizuri. Nilitafuta kosa, sikuliona. Mtu wa namna hiyo huwezi kumpa nafasi ya pili.

Nikamwambia asante, yangu iko njiani. Kilichokuwa njiani ni mimi tu, narudi nyumbani. Kibano nimekisahau.

Jumatano, 12 Novemba

Mpango wa kwanza. Rwezaura wa nyumba ya wageni, yule ninayemtengenezea vitanda, ana kile kidude cha kufyonzea mazulia. Ameniazima. Nilipita nacho mbele ya karakana ya Methodius polepole, ili akione. Alikiona. Aliuliza kama ninahamia kwenye kazi ya usafi.

Kilifyonza vizuri kwa muda wa Baba Yetu moja. Kikakwama kwenye maranda. Kikakohoa kuliko Mama. Kikatoa moshi.

Nimemrudishia Rwezaura. Nilimweleza kwamba mashine za mazulia hazijui mbao. Akasema na mafundi wa mbao hawajui mashine za mazulia. Vitanda viwili vya kwanza havina malipo tena. Sawa.

Mama alimwambia mbuzi kwamba harufu ya moshi ni mpya, angalau tumebadilisha.

Alhamisi, 13 Novemba

Nimeipata! Usingizini! Mashine ya kusaga!

Kila mtu aliyepeleka mahindi mashineni ameiona ile faneli kubwa ya bati juu ya pipa. Upepo unaingia kwa ubavu, unazunguka kama kimbunga, kizito kinaanguka chini, chepesi kinabaki kwenye mfuko wa kitambaa. Unga au vumbi la mbao, tofauti iko wapi?

Kuna mzee Hategekimana ambaye mashine yake ilikufa zamani. Alinipa faneli yake ya bati na feni. Alitaka stuli tu ya kukalia akitazama barabara. Nikabeba kwa bodaboda. Dereva alisema nimkumbatie yeye au nilikumbatie bati, wote wawili haiwezekani. Nikalikumbatia bati.

Benadeta jirani, fundi cherehani, ameshona mfuko kwa shuka zangu mbili. Alisema ameshonea maharusi wa kila umbo ila hajawahi kumpima upepo kiuno.

Jioni Mama alimwendea mbuzi. Maneno yake yalikuwa mengi kuliko kawaida. "Wewe, mwambie mwenye nyumba: Methodius ana mashine, ana nafasi, na ana moyo. Apeleke mbao huko kesho. Mimi nitabaki."

Niliyasikia yote. Lakini adabu ni adabu. Neno la mbuzi si langu kulijibu. Nikaendelea kukaza bolti.

Ijumaa, 14 Novemba

Inafanya kazi!

Nimefunga mota ya pampu, bomba la inchi nne, na mdomo mpana wa bati jipya juu ya benchi. Juu yake nimening'iniza taa kubwa nyeupe ili nilione vumbi likiingia. Linaingia! Nimepiga randa ubao mzima wa mninga na kwenye dirisha la Mama hakikufika kitu. Nililipangusa kwa kitambaa cheusi kutokea nje, maana chumbani kwa mama mkwe siingii. Kitambaa kikabaki cheusi.

Nimemwita Methodius aje anuse. Akaja na shati lake. Akanusa. Akasema kwa haki, hii ni nzuri. Sijafurahi hivi tangu mwaka jana.

Mama hajakohoa tangu adhuhuri. Nimempigia Tuyizere asijisumbue. Akasema Jumapili atakuja kuona kwa macho yake.

Sasa saa kumi na mbili. Mvua imekatika. Nakwenda kwenye jumuiya kutoa shukrani. Mashine nimeiacha ikiunguruma na taa ikiwaka, ijizoeze.

Jumamosi, 15 Novemba

Senene.

Auleria, mimi nimezaliwa Karagwe. Nimekula panzi hawa kabla ya meno. Novemba, mvua imekatika, giza linaingia, taa kubwa nyeupe, bati linalong'aa, pipa chini yake. Mtoto yeyote wa hapa angekuambia huo ni mtego wa senene. Mimi nikauwekea na feni.

Nilipotoka jumuiya nilikuta uani watu na ndoo. Walinipokea kwa makofi. Winston wa duka alinipa mkono akasema miaka yote watu wanasubiri senene waanguke wenyewe, kumbe Eliud amekwenda kuwavuta. Aliuliza kama nitamtengenezea na yeye.

Nikaomba wanipishe nizime. Sikuwahi. Mabawa yalikuwa yameuziba mfuko wa Benadeta, nao ukapasuka kuanzia mshono hadi mshono. Vumbi la siku nzima, mabawa, miguu, na senene walio hai wenye hasira. Upepo ulichagua upande wa dirisha la Mama.

Mama alicheka. Nilimsikia. Alicheka hadi kicheko kikageuka kikohozi, na kikohozi hakikugeuka tena kuwa kitu kingine. Benadeta alikaa naye hadi kikatulia.

Leo asubuhi Benadeta ameleta sahani ya wale aliowaokoa na kuwakaanga. Alisema niwe wa kwanza kuonja. Wana ladha ya mlango mpya.

Methodius alikuja na ufagio wake na shati la kazi, lile la zamani. Alifagia uani. Alipomaliza alisema ofa yake ipo palepale. Nikamwambia tatizo ni mfuko tu.

Jumapili, 16 Novemba

Tuyizere alifika baada ya misa. Nikamwambia shemeji, karibu ukae. Akapitisha kidole kwenye ukingo wa dirisha la Mama. Akakitazama. Kilikuwa na bawa.

Mama alikuwa amevaa tayari. Kitenge cha buluu, kile ulichomnunulia kule Kyerwa. Nilibeba godoro. Nilibeba sanduku. Mkungu wa ndizi nilioukata kwenye migomba ya kibanja nikauweka nyuma, ukaegemezwa vizuri usije ukapondeka.

Kabla ya kupanda alisimama mbele yangu. Mbuzi alikuwa kule nyuma ya jiko, mbali. Akanitazama usoni, mama mkwe wangu, kwa mara ya kwanza.

"Eliud. Siku zote zile sikuwa nasema na mbuzi."

Nikasema, "Najua, Mama."

Akasema basi. Akapanda.

Gari lilipokata kona bado alikuwa ameweka kitambaa puani, ingawa barabarani mvua ilikuwa imelaza vumbi lote.

Jumatano, 19 Novemba

Habari njema. Tuyizere anasema kikohozi kimepungua. Mama ameuliza atarudi lini. Nikamwambia kaka yako amjibu: hivi karibuni, bado bomba moja tu.

Methodius amekuja tena. Alisema nikianza kesho kupigia randa kwake, na nyumba ikipigwa deki na kupakwa chokaa, Mama anaweza kula Krismasi hapa. Alikuwa ameshanitengea benchi, ameshalipangusa. Alisema hata kama sitaki kusema naye, nije nifanye kazi kimya.

Nilishukuru. Nilimweleza kwamba nimekutana na mtu kule Kayanga anayejua mashine inayovuta vumbi na kulizamisha kwenye maji. Feni mbili badala ya moja. Pipa la lita mia mbili. Taa nitaweka nyekundu. Methodius akaniuliza kama nimekula.

Nimeanza kuchimba shimo la kuwekea pipa. Nyumba imetulia. Nimepiga randa tangu asubuhi na hakuna aliyekohoa, kwa hiyo upande huo naona tumepiga hatua.

Nimechoka kidogo leo. Ukimwombea mama yako huko uliko, nikumbuke na mimi.

Eliud