Hotuba ya Kufungua Kliniki ya Mikono, Mitaboni

Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya, ambaye ametuma mwakilishi. Mwakilishi wake, ambaye ametuma dereva. Waheshimiwa madiwani, padri, wachungaji, wafanyabiashara wa mifugo mkiongozwa na Mzee Korane, na wananchi watukufu wa Mitaboni, hamjambo? (Makofi.)

Mimi, Bartholomew Musembi, mwenyekiti wa kamati ya afya, mratibu wa mikakati shirikishi na mgonjwa nambari wani wa mradi huu, nasimama mbele yenu na mkono mmoja wa kupungia umma, na mwingine ambao, tangu kiharusi kinipige mwaka wa elfu mbili na tatu, ulijikunja kifuani kana kwamba naapishwa kuwa waziri. (Kicheko.) Vidole vilijifunga ngumi hata mke wangu Kavutha akawa anavifungua kimoja kimoja ili anioshe kiganja, na maji yenyewe sikuyahisi. Asubuhi moja niliuegemeza mkono huo kwenye sufuria ya uji moto huku nikimhutubia kuhusu bajeti, mpaka yeye akasikia harufu ya ngozi ikiungua.

Nikapelekwa Nairobi, nikadungwa sindano ya kulegeza misuli, kisha mtaalamu wa mazoezi akawa ananinyoosha vidole na kunisugulia mchanga na mahindi kiganjani, macho nimefumba, nitambue ni kipi. Daktari alinionya kwamba sindano hulegeza tu, kurudisha hisia haahidi. Nikamwambia kuahidi aiachie ofisi yangu. (Kicheko.) Lakini mkono ulipofunguka, jioni moja Kavutha alinigusa kiganjani nikiwa sioni, nikamwambia, "Hicho ni kidole chako." Akalia. Nami nililia, kwa kufuata utaratibu. (Makofi.)

Kwa hivyo tumeazimia, kwa asilimia mia moja na kumi, kujenga kliniki ya kisasa, ili Kiema aliyeketi pale, mkono umefungwa kwa leso, asihangaike kwenda Nairobi. (Makofi marefu. Munyiva, mke wa Kiema, anasimama na kuuliza mlango wa kliniki uko wapi.)

Swali zuri, mama. Mkono wazi, wilaya wazi! Maendeleo juu! (Wachache wanaitikia. Munyiva bado amesimama.)

Basi, namalizia kwa kumshukuru Peris aliyetuazima ukuta wa stoo yake ya mbolea, tukaupaka rangi upande huu mmoja ili uonekane kliniki. Mlango hakuna, mama. Daktari hakuna, na sindano sina. Lakini mlete mzee wako hapa mbele, nimnyooshe vidole vile nilivyonyooshwa mimi, leo na kila siku ya soko. Asanteni kwa kunisikiliza.

(Hakuna makofi. Kiema anafungua leso.)